ESASky na jozi pana za Jabari: tathmini ya huduma ya kutazama anga kutoka mezani

Kwa miezi kadhaa nimeitumia ESASky, huduma ya mtandaoni ya Shirika la Anga-nje la Ulaya (ESA), kwa kazi moja tu: kuzitazama jozi pana za vibete vya kahawia na za violwa vyenye masi ya sayari katika mafungunyota machanga, yaani makundi ya nyota zilizozaliwa pamoja. Huduma hiyo ina matumizi mengine mengi, kuanzia asteroidi hadi galaksi za mbali, lakini sitayagusa hapa, kwa sababu chombo hupimwa kwa kazi kilichopewa, na kazi niliyoipa ESASky ni ngumu kuliko inavyoonekana kwa mtazamo wa kwanza.

Ni vyema kwanza kueleza kinachotazamwa. Kibete cha kahawia ni kiolwa kilichozaliwa kama nyota, yaani kwa wingu la gesi kuporomoka kwa uzito wake lenyewe, lakini kikaishiwa gesi kabla kiini chake hakijapata joto la kutosha kuunganisha hidrojeni kuwa heli. Mpaka huo uko kwenye masi ya takriban mara 75 ya sayari ya Mshtarii. Kiolwa kinachopungua takriban mara 13 za Mshtarii hakiwezi hata kuunganisha deuteri (hidrojeni nzito), na hapo ndipo wanaastronomia huanza kukiita kiolwa chenye masi ya sayari, hata kama hakizunguki nyota yoyote na kinaelea peke yake katika fungunyota kilimozaliwa. Jina la vibete vya kahawia lilipendekezwa na mwanaastronomia Jill Tarter mwaka 1975, na mwaka 1995 kibete kiitwacho Teide 1 kilithibitishwa katika fungunyota la Kilimia. Kwa hiyo tunazungumzia fani ambayo ushahidi wake una miongo mitatu tu.

Jozi huitwa pana pale violwa viwili vinapokuwa mbalimbali kwa makumi au mamia ya vizio astronomia, kizio kimoja kikiwa umbali wa Dunia hadi Jua. Kinachonivutia katika jozi hizi ni ulegevu wa kifungo chake. Nimefanya hesabu ya violwa viwili, kila kimoja kikiwa na masi ya Mshtarii mara 5, vilivyotengana kwa vizio astronomia 200: mzunguko mmoja huchukua takriban miaka 29,000, na kasi ya kimoja kulingana na kingine ni kama mita 200 kwa sekunde. Nyota za fungunyota la Nebula ya Jabari (Orion), wingu la gesi ambamo nyota huzaliwa, hupishana kwa kasi ya kilomita 2 hivi kwa sekunde, mara kumi zaidi. Jozi ya namna hiyo ni kama uzi wa buibui uliotandwa njiani pa watu wengi, na nyota ikipita karibu inatosha kuukata. Ndiyo maana miongoni mwa vibete vya kahawia vyenye umri mkubwa vilivyo karibu na Jua, jozi nyingi zimebanana, kwa kawaida chini ya vizio astronomia 20, ilhali zilizo pana ni adimu sana. Anayetaka kuziona jozi pana hana budi kwenda mahali zinapozaliwa, kabla hazijavunjwa, na wakati ambapo violwa vyenyewe bado vina joto la kuzaliwa na vinang'aa katika mwanga wa infraredi, ambao macho hayauoni.

Mahali penyewe ni hasa Nebula ya Jabari, iliyoko umbali wa parseki 390 hivi, ambao ni takriban miakanuru 1,270, na yenye nyota za umri wa miaka milioni 1 au zaidi kidogo. Nilipoandika jina la nebula hiyo katika kisanduku cha kutafutia cha ESASky, ramani ilinipeleka pale pale mara moja. Haihitaji kujiandikisha, haina malipo, wala haidai programu yoyote zaidi ya kivinjari. Majina hutafsiriwa kuwa majiranukta kwa msaada wa hifadhidata ya SIMBAD ya Strasbourg, kwa hiyo hata majina magumu ya vibete, yale yaliyojaa tarakimu, hukubaliwa bila shida. Teknolojia ya kuonyesha picha nayo ina asili huko huko Strasbourg: anga limegawanywa katika vigae vya ukubwa mbalimbali, na kadiri unavyokuza ndivyo vigae vyenye maelezo zaidi vinavyoletwa. Kwa mtu mwenye intaneti ya wastani, mpango huu ni neema, kwa sababu hulazimiki kupakua picha nzima ili uione nukta moja.

Picha ninayoizungumzia ni ile ya darubini ya James Webb, iliyopigwa mwaka 2022 kwa kamera ya NIRCam na kutolewa kwa umma mwezi Oktoba 2023, ikiwa imeunganishwa kutokana na picha nyingi ndogo na wanaastronomia Samuel Pearson na Mark McCaughrean. Inafunika eneo la dakika za tao 11 kwa 7.5 kuzunguka Trapezium, zile nyota nne kubwa zinazoiangaza nebula, na upana wake unazidi pikseli 20,000. Kuna matoleo mawili, moja la mawimbi mafupi ya infraredi na jingine la mawimbi marefu, na ESASky inayo yote mawili kwa ukamilifu wake. Nakiri kwamba mara ya kwanza nilipofika kwenye kiwango cha mwisho cha ukuzaji nilinyamaza kwa muda mrefu. Pale ambapo darubini nyingine huonyesha ukungu mwekundu, hapa palikuwa na nukta ndogo ndogo zilizotapakaa kila upande, baadhi zikiwa mbilimbili.

Ni katika picha hizo ambamo Pearson na McCaughrean walitangaza kuona watahiniwa 540 wa violwa vyenye masi ya sayari, na miongoni mwao jozi 40 na makundi 2 ya violwa vitatu vitatu. Jozi hizo walizipa jina la JuMBO, kifupi kinachomaanisha violwa maradufu vyenye masi ya Mshtarii. Utengano wake ulikuwa kati ya vizio astronomia 25 na 390. Iwapo hesabu hiyo ingesimama, asilimia 9 ya violwa hivyo vidogo wangekuwa na wenzi wa mbali, jambo ambalo nadharia ya uzazi wa nyota haikulitarajia kabisa. Katika nyota tunazozifahamu, kadiri masi inavyopungua ndivyo wenzi wanavyopungua na kukaribiana. Hapa mwelekeo ulionekana kugeuka, na wananadharia walikimbilia kutafuta sababu: wengine walipendekeza sayari mbili zilizotupwa nje kwa pamoja kwa mvuto wa nyota iliyopita karibu na mfumo wake, na wengine walipendekeza kiini cha gesi kilichochubuliwa na mnururisho mkali wa nyota kubwa za Trapezium, kama Theta-1 Orionis C, kabla hakijakomaa kuwa nyota.

Hapa ndipo ESASky ilipoonyesha ubora wake wa kwanza kwangu, ule wa kipimo. Katika umbali wa parseki 390, sekunde moja ya tao, yaani sehemu moja ya 3,600 ya digrii, ni sawa na vizio astronomia 390. Uwiano huu ni rahisi kuukumbuka, na kwa kuwa huduma huonyesha majiranukta ya mahali kielekezi kilipo, mtazamaji anaweza kutoa majiranukta ya nukta moja katika ya nyingine na kupata utengano kwa hesabu ya kalamu na karatasi, mradi akumbuke kurekebisha tofauti ya upande wa mashariki na magharibi kulingana na digrii za kaskazini au kusini. Jozi pana kuliko zote katika orodha ile zimetengana kwa sekunde moja ya tao tu. Zilizobanana zaidi, zenye vizio 25, zina utengano wa sekunde 0.064, ambao ni pikseli mbili za kamera ya mawimbi mafupi na pikseli moja ya kamera ya mawimbi marefu. Mtu akikuza picha hadi kuziona pikseli zenyewe, anaelewa kwa macho yake kwamba sehemu ya orodha hiyo iko kwenye ukingo kabisa wa uwezo wa kioo cha mita 6.5. Hakuna maelezo ya maandishi yaliyonifikishia jambo hilo kwa uwazi kama dakika kumi za kukuza na kupima.

Ubora wa pili ni tabaka. Unaweza kuongeza picha kadhaa za eneo lile lile, za Webb, za Hubble, za upimaji wa zamani wa anga lote kwa infraredi uitwao 2MASS, kisha ukahama kutoka moja hadi nyingine bila kuondoka mahali ulipo. Ukifanya hivyo juu ya mojawapo ya jozi za JuMBO, unaona hadithi nzima ya ala: katika 2MASS hakuna kitu ila mng'ao wa gesi, katika picha ya Hubble ya mwanga unaoonekana, kwa kawaida bado hakuna kitu, au pana dalili hafifu, katika Webb nukta mbili zinajitokeza. Lakini kutokuonekana kwa mwanga wa kawaida hakuthibitishi kwamba kiolwa ni baridi na kidogo. Nyota ya kawaida iliyo nyuma ya wingu zito la vumbi hupotea vivyo hivyo, na ikionekana katika infraredi huwa nyekundu vivyo hivyo.

Hilo si suala la pembeni. Mwaka 2024 mwanaastronomia Kevin Luhman alizichambua upya data zile zile za Webb na kufikia hitimisho kwamba sehemu kubwa ya JuMBO zina rangi zinazolingana na vyanzo vya nyuma vilivyofunikwa na vumbi kuliko na violwa vichanga vya fungunyota lenyewe. Njia ya kutofautisha imo katika maji. Angahewa ya kiolwa chenye joto la nyuzi elfu mbili hivi ina mvuke wa maji, na mvuke huo hufyonza mwanga katika urefu wa mawimbi wa takriban mikroni 1.4 na 1.9, kiasi kwamba vichujio vya kamera, ambavyo kila kimoja hupitisha mawimbi ya urefu fulani tu, vinavyoangukia humo huonyesha pengo ambalo vumbi haliwezi kuliiga. Anayetumia ESASky na asijue jambo hili atazihesabu nukta mbilimbili kwa furaha na kudhani ameona sayari pacha. Mimi mwenyewe niliandika katika daftari jozi kumi na moja nilizozipata kwa macho siku za mwanzo, na nilipozilinganisha baadaye na machapisho, nyingi hazikuwa hata kwenye orodha ya watahiniwa. Nukta mbili zilizo karibu angani si lazima ziwe karibu katika kina.

Kwa hiyo lazima niseme waziwazi kile ambacho picha za aina hii haziwezi kukifanya, popote zinapoonyeshwa. Picha za rangi zilizogawanywa katika vigae zimeandaliwa kwa ajili ya jicho. Mwangaza wake umebanwa ili gesi angavu na nukta hafifu zionekane pamoja, na rangi tatu zinazoonekana ni muunganiko wa vichujio vingi kati ya 12 vilivyotumika. Pengo la maji halionekani humo. Anayetaka kupima mwangaza anahitaji faili za asili za kila kichujio, na katika hili ESASky inastahili sifa, kwani kidirisha chake cha data huchora mipaka ya kila picha iliyopigwa katika eneo hilo na kutoa kiungo cha kuelekea kwenye hifadhi ambamo faili hizo zinapatikana bila malipo. Faili ni kubwa, na programu za kuzisoma zinahitaji mafunzo. Mwanafunzi wa chuo mwenye mwalimu atavuka hatua hiyo. Msomaji wa kawaida atabaki kwenye picha, na hakuna ubaya wowote mradi ajue amebaki wapi.

Nilijaribu pia mafungunyota na makundi mengine, na matokeo yalitofautiana. Katika kundi la TW Hydrae kuna 2M1207, kibete cha kahawia chenye masi ya Mshtarii mara 25 hivi, ambacho mwaka 2004 darubini kubwa ya VLT ya Chile ilikipata kikiwa na mwenzi wa masi ya Mshtarii mara 5 hivi, kwa umbali wa takriban vizio astronomia 50. Katika picha za upimaji wa jumla utaona nukta moja tu, kwa kuwa utengano wake haufiki sekunde moja ya tao. FU Tau, jozi changa iliyoko katika mawingu ya kundinyota la Ng'ombe, ni rahisi zaidi: wenzi wake wako mbalimbali kwa vizio 800 hivi, karibu sekunde 6 za tao. Oph 98, ambayo ilitangazwa mwaka 2020 kutokana na picha za Hubble, ina violwa vya masi ya takriban 15 na 8 za Mshtarii vilivyotengana kwa vizio 200. Hii ndiyo ninayompendekezea mtu anayeanza, kuliko hata JuMBO, kwa sababu imechunguzwa moja moja kwa uangalifu na umri wake wa miaka milioni 3 hivi unajulikana vizuri kiasi.

Mfano ulionifunza zaidi, hata hivyo, ni Oph 1622. Mwaka 2006 ilitangazwa kuwa jozi ya violwa vyenye masi ya Mshtarii mara 14 na 7, vikiwa mbalimbali kwa vizio 240 hivi, na habari zake zilisambaa kama za sayari pacha zisizo na nyota. Mwaka uliofuata, uchunguzi wa spektra, yaani mwanga uliotawanywa kulingana na urefu wa mawimbi, ulipandisha masi hizo hadi karibu 58 na 20. Jozi ilibaki kuwa jozi, tena pana na ya kuvutia, ila sayari ziliondoka. ESASky ina kitufe cha machapisho kinachoorodhesha makala za kitaaluma kuhusu kiolwa ulichokichagua, na kwa Oph 1622 nilizisoma kwa mfuatano wa miaka huku picha ikiwa mbele yangu. Sijui njia bora zaidi ya kumwonyesha mwanafunzi jinsi masi ya kiolwa kichanga inavyokisiwa: hatuipimi kwa mizani, bali tunaisoma kutokana na mwangaza, joto na umri tuliodhania, na umri ukibadilika, masi nayo hubadilika.

Upungufu ninaouona kuwa mzito zaidi kwa kazi yangu unahusu wakati. Uthibitisho wa kweli wa jozi pana ni kwamba violwa viwili vinasafiri pamoja, na hilo huhitaji picha mbili zilizopigwa kwa miaka tofauti. Katika Nebula ya Jabari kasi ya kilomita 2 kwa sekunde ni sawa na takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde ya tao kwa mwaka. Pikseli ya mawimbi mafupi ya NIRCam ni sekunde 0.031, kwa hiyo kiolwa kitachukua takriban miaka 30 kuvuka pikseli moja. Wataalamu wanaweza kupima mahali pa nukta kwa usahihi wa sehemu ndogo ya pikseli, na hivyo kusubiri kutakuwa kufupi zaidi, lakini kwa jicho la mtazamaji wa kawaida anga la Jabari litaonekana limetulia. Orodha ya Gaia, chombo cha ESA cha kupima mahali pa nyota, ambayo ESASky huweza kuiweka juu ya picha na ambayo ina mwendo wa nyota kwa usahihi wa ajabu, haisaidii sana hapa, kwa sababu Gaia ilitazama mwanga unaoonekana na violwa hivi ni hafifu mno katika mwanga huo.

Kwa wanaofundisha fizikia au astronomia, ninaipendekeza huduma hii bila kusita, na ningewashauri waanze na picha ya mawimbi mafupi, eneo la kusini mwa Trapezium, kisha wahamie ile ya mawimbi marefu, ili wanafunzi waone ni nukta zipi zinazozidi kung'aa na zipi zinazofifia. Kwa wanaotaka kutoa hukumu kuhusu jozi fulani, ni lango la kuanzia tu. Baada yake kuna faili za vichujio, spektra, na hata redio, maana mapema mwaka 2024 jozi ya JuMBO 24 ilitangazwa kutoa mawimbi ya redio yaliyonaswa na darubini ya VLA ya Marekani, jambo lisilotarajiwa kwa vitu vidogo hivyo. Kwangu mimi, nimehifadhi majiranukta ya jozi zote zilizosalia baada ya uchambuzi wa Luhman katika faili moja ambayo ESASky huipokea kama orodha ya mahali pa kutazama, na naipitia kila zinapotoka data mpya. Picha ya 2022 ni ya kwanza kati ya mbili zinazohitajika. Itakapopigwa ya pili, nataka niwe tayari ninajua kila nukta ilikuwa wapi.